Sura ya Sita: Shamba la Nabothi

Uasin Gishu nusura iwe nchi ya Israeli. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimwahidi Theodor Herzl na wenzake kipande cha uwanda huu, maili mraba zipatazo 5,000, ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa Urusi wapate pa kukaa na kujitawala chini ya bendera ya Mwingereza. Vitabu huuita mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kumegwa kutoka Uganda mwaka mmoja kabla na kutiwa upande wetu. Agosti ya mwaka huo Wazayuni walikutana Basel, Uswisi, wakapiga kura: 295 walikubali watu watumwe kuitazama nchi, 178 walikataa, na baadhi ya waliokataa walitoka ukumbini wakilia. Mwanzoni mwa 1905 wakashuka Mombasa wapelelezi watatu: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Wapelelezi wa Musa walirudi kutoka Kanaani na kichala cha zabibu kilichobebwa mtini na watu wawili. Hawa watatu walirudi na ripoti, na ya Wilbusch ilikuwa kavu kupita zote. Mkutano wa 1905 ukaitupa hoja. Herzl mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nafasi haikukaa wazi. Mwaka 1908 Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg walipanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakipambana na matope na misitu, na Biblia zao za Kiholanzi mizigoni. Watu hawa tangu zamani walipenda kujifananisha na wana wa Israeli waliotoka Misri, na Misri yao ilikuwa utawala wa Mwingereza kule Afrika Kusini. (Kwamba walimkimbia Mwingereza wakaja kuishi chini ya Mwingereza huyo huyo, hilo nawaachia wao.) Serikali iliukata uwanda kwa rula na kuupa kila mkato namba. Posta ikafunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na ndiyo sababu wazee wa hapa huuita mji huu Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912.

Wanandi hawakuulizwa, nao walikuwa na nabii wao, waliyemwita orkoiyot. Orkoiyot hakuwa mfalme kama Sauli au Daudi, kwa maana mambo ya nchi yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, lakini vita havikutoka bila baraka yake. Kimnyole arap Turukat anakumbukwa kwa kutabiri nyoka atemaye moshi atakayepita nchini, na kwa kuuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, walipomlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mwanawe Koitalel arap Samoei aliongoza upinzani dhidi ya reli na Waingereza kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen alipomwita kwenye mazungumzo ya amani akampiga risasi. Hayo yalitukia miezi michache tu baada ya wapelelezi wa Basel kufunga mizigo. Naye Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 akaachiliwa 1964, Kenya ikiwa huru tayari. Manabii wa Israeli walipigwa, wakafungwa, wakatupwa kisimani. Hatuambiwi hata mmoja aliyekaa kizuizini miaka 41.

Katika uwanda huu, basi, Biblia iliingia pamoja na ramani. Waliokuja nayo walikipenda kitabu cha Yoshua: nchi iliyoahidiwa, mipaka, mito, mgao wa kila kabila. Lakini baada ya Yoshua na Waamuzi vinakuja vitabu vya Samweli na Wafalme, kisha rafu nzima ya manabii, na hao wana swali lao: huyu aliyepewa nchi, amemfanyia nini jirani yake mwenye shamba? Hoja yangu katika sura hii ni kwamba Uasin Gishu imesomewa Yoshua kwa karne nzima, na waliothubutu kuisomea Wafalme wamekuwa wachache, na wamelipa.

Nalileta swali hilo Langas kwa sababu ndiko linakouma. Mtaa huu uko kusini mwa Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Ni shamba la mlowezi lililokatwakatwa ploti baada ya uhuru, likajaa Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii, Wakalenjin na Waturkana waliofuata kazi mjini, na leo ni miongoni mwa mitaa yenye watu wengi zaidi katika jiji hili, ambalo lilipewa hadhi hiyo Agosti 2024 likiwa la tano nchini. Jumapili asubuhi vipaza sauti vya makanisa ya mabati hushindana. Picha za manabii, wa kiume na wa kike, zimebandikwa kwenye nguzo za stima na mageti, na namba za simu chini yake. Anayetafuta nabii Langas hahitaji nauli ya boda boda. Hati miliki ndiyo adimu. Kwa miongo kadhaa watu wamenunua hamsini kwa mia, wakajenga, wakalea watoto mpaka wakaoa, na mkononi wana karatasi ya makubaliano tu, iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, huku umiliki wa shamba lenyewe ukivutaniwa juu ya vichwa vyao.

Israeli haikuanza na mfalme. Wazee wa makabila walimwendea Samweli kule Rama wakamwambia umezeeka, wanao wanakula rushwa, tupe mfalme kama mataifa mengine. Jibu lake liko katika 1 Samweli 8, na lingefaa kusomwa kila siku ya kuapishwa. Ni orodha ya vitu ambavyo mfalme atachukua: vijana kwa ajili ya magari ya vita, mabinti kwa ajili ya jiko na manukato, mashamba mazuri na mizeituni kwa ajili ya watumishi wake, sehemu ya kumi ya nafaka na ya kondoo. Mwisho wa yote mtakuwa watumwa wake, akawaambia, na siku hiyo mtalia, na Bwana hatawajibu. Wazee wakasikiliza mpaka mwisho, wakasema tunamtaka hivyo hivyo.

Wafalme watatu wa kwanza nitawapita mbio, kwa kuwa shule ya Jumapili imewashughulikia. Sauli akaingiwa na kichaa cha wivu. Daudi akamchukua mke wa Uria Mhiti na kumpeleka Uria afe vitani, na nabii Nathani akamnasa kwa hadithi ya tajiri aliyechinja kondoo wa pekee wa maskini. Sulemani akajenga hekalu kwa kazi ya kulazimishwa. Alipokufa, mwanawe Rehoboamu aliombwa kule Shekemu apunguze mzigo, akajibu kwa jeuri ya vijana aliokua nao, na makabila kumi yakaondoka. Nabii Ahiya alikuwa ameshalipasua vazi lake jipya vipande 12 na kumpa Yeroboamu kumi. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 930 K.K. Tangu hapo kuna Israeli kaskazini na Yuda kusini, na hadithi yangu iko kaskazini.

Mwandishi wa vitabu vya Wafalme ana mizani yake mwenyewe. Mtazame Omri. Kwa siasa za dunia alikuwa mtu mkubwa: alinunua kilima kutoka kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha akajenga Samaria, akaitiisha Moabu, na jina lake likakaa hata Waashuri wakaendelea kuiita Israeli nyumba ya Omri miaka zaidi ya mia baada ya kufa kwake. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhiban mwaka 1868 na ambalo sasa liko Louvre mjini Paris, linamtaja kwa jina. Kitabu cha Wafalme kinammaliza kwa mistari sita. Kisha mwanawe Ahabu: katika vita vya Karkari, mwaka 853 K.K., aliingiza magari ya vita 2,000 na askari 10,000, kwa hesabu ya adui yake mwenyewe, Shalmanesa wa Tatu wa Ashuru. Wafalme haitaji vita hivyo hata kwa neno moja. Mwandishi alikuwa na habari nyingine ya kutupa kuhusu Ahabu, akaipa sura nzima, nayo inahusu kishamba cha mizabibu.

Nabothi alikuwa mtu wa Yezreeli, na shamba lake lilipakana na jumba la mfalme. Ahabu hakuanza kwa ubaya. Alilitaka liwe bustani ya mboga, akaahidi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Dalali yeyote wa Eldoret angekwambia bei hiyo usiikatae. Nabothi akaikataa. Shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na Torati katika Walawi 25 inasema ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa mwenye nayo ni Mungu na watu ni wageni wake. Mfalme akarudi nyumbani, akajilaza, akageukia ukutani, akasusa chakula. Mwandishi huyu ana ucheshi wa chinichini ambao wahubiri wetu huuruka: mwenye magari 2,000 ya vita amenuna kitandani kwa ajili ya sukuma wiki.

Yezebeli, mke wa Ahabu, ndiye aliyeijua kazi ya serikali. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee na wakuu wa mji. Watangaze mfungo. Wamketishe Nabothi mbele ya watu. Walete mashahidi wawili, watu ovyo, waseme amemtukana Mungu na mfalme. Tazama jinsi kila hatua ilivyovaa sheria: kuna barua rasmi, kuna muhuri, kuna ibada, kuna mashahidi wawili kama Torati inavyodai, kuna shtaka lenye jina lake. Hakuna askari wa ikulu aliyemgusa Nabothi. Waliompiga mawe walikuwa watu wa mji wake, waliowajua watoto wake kwa majina. Huwa nikisoma 1 Wafalme 21 Yezebeli hanitii hofu sana, kwani wakatili wenye akili tumewazoea. Wananitia hofu wale wazee wa Yezreeli, ambao barua iliwafikia wakaitekeleza neno kwa neno, halafu wakaandika ripoti kwamba kazi imekwisha.

Kuna jambo mwandishi amelificha mpaka baadaye. Nabothi akifa, shamba lilipaswa kwenda kwa wanawe. Mbona Ahabu alilichukua bila kupingwa? Jibu linadondoka katika 2 Wafalme 9, miaka mingi mbele, Yehu anapompindua Yoramu mwana wa Ahabu na kuagiza maiti yake itupwe katika shamba lile lile. Hapo ndipo tunaposikia, kwa mara ya kwanza, kwamba iliyomwagika ilikuwa damu ya Nabothi pamoja na ya wanawe. Mnyakuzi anayeijua kazi yake haachi mrithi.

Nabii Eliya alimkuta Ahabu papo hapo shambani, ameshuka kulimiliki. Hakumwuliza habari za Baali siku hiyo, wala za dhabihu. Alimwuliza kuhusu mauaji na shamba.

Yehu alitiwa mafuta na kijana aliyetumwa na nabii Elisha, na maofisa waliokuwa wameketi pamoja na Yehu walimwita kijana huyo mwendawazimu. Serikali nyingi zimejificha nyuma ya tusi hilo. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliyetaka wazungu waondoke katika ardhi ya Wabukusu, alifungiwa na wakoloni katika hospitali ya Mathari mwaka 1945, na 1948 akapelekwa kizuizini Lamu. Wapo Langas wazee wa Kibukusu ambao ukiwatajia Eliya watakuuliza kwanza ni yupi.

Uasin Gishu ina kesi ambayo msomaji wa 1 Wafalme hawezi kuipita kimya. Mkulima mmoja mzee alilikimbia shamba lake la ekari 100, upande wa Turbo, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Baadaye alikwenda mahakamani akidai limechukuliwa na William Ruto. Ruto alijitetea kwamba alilinunua kwa watu aliowaamini kuwa ndio wauzaji halali. Tarehe 28 Juni 2013, Ruto akiwa ameapishwa naibu rais miezi miwili tu kabla, Mahakama Kuu iliamua kwamba shamba ni la mkulima, ikaagiza arudishiwe na alipwe fidia ya shilingi milioni 5. Tofauti na Yezreeli ni kubwa na sitaki kuipunguza: mlalamikaji alikuwa hai, mshtakiwa mkuu alikuwa na mawakili badala ya muhuri, na jaji aliisoma hukumu hadharani. Nabothi hakuipata mahakama. Mahakama ndiyo iliyompata yeye. Lakini inafaa kukumbuka pia kwamba mkulima yule alikuwa na hati. Wenye makubaliano tu, kama wengi wa Langas, wangesimama mbele ya jaji huyo huyo na nini?

Ahabu hakukosa manabii. Alikuwa nao 400. Alipotaka kwenda kupigania Ramoth-Gileadi pamoja na Yehoshafati, mfalme wa Yuda, wote 400 walimwambia aende, ushindi ni wake. Mmoja wao, Sedekia mwana wa Kenaana, akajitengenezea pembe za chuma aigize jinsi Washami watakavyosukumwa, na hapo ndipo mtu huanza kuwaza kuhusu mikutano yetu ya injili yenye majukwaa na moshi wa rangi. Yehoshafati alinusa kitu. Je, hakuna nabii mwingine wa kuuliza? Yuko, akasema Ahabu, Mikaya mwana wa Imla, ila namchukia, hanitabirii jema. Mjumbe aliyetumwa kumleta akamsihi njiani: ndugu yangu, wenzako wote wamesema vizuri, nawe sema vizuri. Mikaya akafika akasema kama wenzake, kwa sauti ambayo hata Ahabu aliitambua kuwa ni ya kejeli. Alipobanwa aseme kweli, akasema ameona Israeli wametawanyika milimani bila mchungaji. Sedekia akampiga kofi. Mfalme akaagiza atiwe gerezani, apewe mkate na maji kidogo. Kisha Ahabu akaingia vitani amejibadilisha mavazi, na mtu fulani akaachia mshale bila kumlenga, ukapenya kwenye kiungo cha deraya yake.

Kuelekea uchaguzi wa 2007 Kenya ilikuwa na manabii 400 kila upande. Makanisa yalijigawa kwa makabila ya waumini wake, na madhabahu zikatumika kama majukwaa. Matokeo yakatangazwa tarehe 30 Desemba. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, kanisa la Kenya Assemblies of God lililokuwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, lilitiwa moto. Langas nayo iliwaka. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliulizana makabila, na maelfu wakaishia kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima 1,133. Februari Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, likakiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande, wakashindwa kuwaunganisha watu. Kukiri huko kulikuwa na uzito, nami nauheshimu. Ila Mikaya alisema kabla ya vita.

Alikuwapo mmoja hapa Eldoret aliyesema kabla. Ili kumwona vizuri ni lazima kwanza tumpitie Amosi.

Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, katika Yuda. Karibu mwaka 760 K.K., chini ya Yeroboamu wa Pili, Israeli ya kaskazini ilikuwa katika neema. Mipaka imepanuka, biashara imechangamka, matajiri wana nyumba ya kiangazi na nyumba ya baridi na vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu. Pembe hizo si maneno ya mhubiri: wachimbuaji walifukua vipande vyake vingi Samaria katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo, mwaka 1910, mwaka ule ule wa posta ya shamba 64, walikuwa wamepata vigae vyenye maandishi ya wino, kumbukumbu za divai na mafuta yaliyopelekwa mji mkuu kutoka mashamba ya vijijini. Amosi alivuka mpaka akaingia Betheli, palipokuwa na hekalu la mfalme, akasema kwamba katika neema hiyo maskini anauzwa kwa bei ya jozi ya viatu na langoni haki inanunuliwa. Kuhani Amazia alifanya mambo mawili. Kwanza alimpelekea mfalme habari kwamba kuna njama. Kisha akamwambia Amosi aende zake kwao Yuda akatafute mkate wake huko, asitabiri tena Betheli, kwa maana hapo ni pa mfalme. Amosi akajibu kwamba unabii haukuwa ajira yake. Kazi yake ilikuwa mifugo.

Alexander Kipsang Muge alikuwa Mnandi. Alikuwa askari wa GSU kabla ya kuingia ukasisi, na mwaka 1983 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Anglikana ya Eldoret, ambayo Langas imo ndani yake. Ilikuwa Kenya ya chama kimoja. Mwaka 1986 KANU ilipoleta mlolongo, wapiga kura wapange foleni nyuma ya mtu wao mchana kweupe mbele ya chifu, viongozi wachache wa kanisa walikataa: Henry Okullu wa Maseno Kusini, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri, na Muge. Mwaka 1987 Gitari alihubiri tu kitabu cha Danieli, sheria ya Wamedi na Waajemi na hila za wakuu wa mikoa, wanasiasa wakalalamika kana kwamba amewataja majina. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku, akaponea juu ya paa.

Muge aliwaudhi kwa namna yake. Wengine wangeweza kuambiwa ni watu wa kabila fulani wanaoona wivu. Yeye alikuwa Mkalenjin akiisema serikali ya Rais Moi, Mkalenjin, kutoka mimbari iliyo katikati ya Bonde la Ufa. Alisema juu ya rushwa, unyakuzi wa ardhi, na njaa ya Pokot ambayo serikali haikutaka itajwe. Amazia angekosa la kumwambia, kwa sababu hapakuwa na kwao pengine pa kumrudisha. Alikuwa kwao.

Katikati ya Agosti 1990 akapatikana wa kumwekea mpaka. Peter Okondo, waziri wa kazi, alitangaza kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Betheli ni pa mfalme. Muge alijibu hadharani kwamba damu yake isiyo na hatia ikimwagika itamwandama Okondo asipate amani, na jibu hilo limechotwa moja kwa moja katika kisima cha Eliya. Tarehe 14 Agosti akaenda Busia, akahubiri, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa papo hapo. Dereva wa lori alifungwa. Okondo akajiuzulu. Serikali ilisema ni ajali, waumini wengi hawakukubali, na mpaka leo ukiwasikiliza wazee wa kanisa hilo utadhani mazishi yalikuwa juzi.

Nimeombwa mara nyingi nitaje nabii wa Kenya anayefanana na wa Biblia, na huwa namtaja Muge, ingawa hakutabiri hata siku moja ya baadaye. Manabii wengi wa Israeli nao, ukiwasoma kwa utulivu, muda mwingi wanaongea habari za jana na leo: nani amechukua shamba la nani, mizani gani ilichezewa, jaji gani alipewa kitu. Isaya anawalilia ole wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wakae peke yao katikati ya nchi. Mika anasema juu ya watu wanaolala wakipanga na kukipambazuka wanatekeleza, kwa sababu uwezo wanao. Yajayo wanayoyataja mara nyingi ni hukumu ya hayo. Samaria ilianguka kwa Waashuri karibu mwaka 722 K.K., Yerusalemu kwa Wababeli karibu 586, na vitabu vyao vikahifadhiwa na wale wale waliokuwa wamekataa kuvisikiliza.

Nabii mmoja alinunua ploti, na mbele ya watu wa Langas huyo hana mpinzani.

Yerusalemu ulikuwa umezingirwa. Yeremia alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi, kwa amri ya Mfalme Sedekia, kwa kosa la kusema mji utaanguka. Binamu yake Hanameli akamjia gerezani na pendekezo: ninunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. Anathothi ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka Yerusalemu, katika nchi ambayo majeshi ya Babeli yalikuwa yameshaikanyaga. Mwanasheria yeyote wa Eldoret angemkataza. Angemwuliza kama amefanya upekuzi kwenye masijala ya ardhi, na kama kweli muuzaji ana haraka hiyo kwa nia njema. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani. Sura ya 32 inaeleza utaratibu wote kwa makini ya karani: hati ikaandikwa nakala mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, mashahidi wakatia sahihi, Wayahudi waliokuwa wameketi uani wakashuhudia, karani wake Baruku akakabidhiwa zote mbili mbele yao aziweke katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mfalme hakutia sahihi popote. Mfalme ndiye aliyemfunga mnunuzi.

Ukimsomea mtu wa Langas sura hiyo hahitaji kufafanuliwa. Anajua nakala ya muuzaji na nakala ya mnunuzi, anajua mashahidi wa pande zote mbili wakiandika namba za vitambulisho, anajua mahali karatasi inapowekwa isiloe wala isionwe na watoto. Anajua pia kununua wakati ambapo kila mwenye akili anauza. Baada ya 2008 wapo waliouza kwa bei ya kutupa wakaondoka, na wapo waliorudi kwenye kuta zilizoungua wakaezeka tena.

Yeremia ni maarufu mtaani hapa. Utakuta sura yake ya 29, mstari wa 11, ule wa mipango ya amani na tumaini, kwenye vioo vya matatu, kwenye kalenda za makanisa, kwenye mabango ya mikesha. Sura ya 32 iko kurasa chache tu mbele, na bado sijaiona kwenye bango lolote.